Jina la Tatu Kwenye Mkataba

Chumba cha kusomea hati za ardhi, Mtaa wa Henrietta, Dublin, kilifurika watu waliotafuta mababu na wengine waliokimbia mvua tu. Nuala Tuohy, koti lake jekundu likichuruzika maji, alivuta kitabu kizito kutoka rafuni. Kikamvuta yeye.

"Taratibu, dada. Hivyo vimeshavunja vidole vya wengi," alisema kijana mwenye sweta la kijivu, akakidaka.

"Na wewe kazi yako kuokoa vidole?"

"Vile vizuri tu."

Aliitwa Cathal. Majuma yakapita wakisoma bega kwa bega, wakinywa chai kikombe kimoja. Lakini Nuala alikuwa na haraka. Baba yake, Malachy, alilazwa hospitali na hakutarajiwa kutoka. Mzee alitaka kujua, kabla hajafa, nani aliyewanyang'anya shamba la ukoo kule Leitrim.

Siku moja kidole cha Nuala kilisimama kwenye mstari. Mwaka 1791, shamba la kina Tuohy lilipangishwa kwa Devane. Na Cathal Devane alikuwa ameketi ubavuni pake.

"Kumbe ni nyinyi," alisema kwa sauti ndogo, akachukua koti lake.

Alimweleza baba. Simu za Cathal zikalia bila kupokelewa, mpaka jioni moja akapokea ili amkanye.

"Usinipigie tena."

"Nisikilize kwanza. Tulisoma mkataba wa pili, wa kwanza tukauruka. Kina Tuohy walipewa shamba kwa maisha ya watu watatu waliotajwa kwa majina. Linakuwa lenu mpaka afe wa mwisho wao."

"Walikuwa nani?"

"Mume, mke, na Bartle, mdogo wa watoto wao. Walimtaja mtoto ili mkataba udumu. Hati yetu inasema wote watatu walishakufa, Bartle akiwa bado mdogo, ndipo wazee wetu wakapangishwa. Hakuna aliyewafukuza, mpenzi."

Nuala alikuwa akilia.

Malachy aliisikiliza habari hiyo akitazama dari.

"Maisha yangu yote nimemchukia mwizi," alisema. "Kumbe ni mtoto aliyekufa." Akamgeukia binti yake. "Mlete huyo Devane."

Cathal alikuja na shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu.

"Mzee, nataka kumuoa Nuala."

"Kwa mkataba gani?"

"Wa majina matatu. Lake, langu na lako."

Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Langu halifiki Jumapili. Andikeni mawili." Akaushika mkono wa binti yake, akauweka juu ya mkono wa Cathal. "La tatu acheni nafasi mpaka azaliwe mwenyewe."