Nilimshuku Mume Wangu, Kumbe Mwizi Alipitia Kwenye Plagini!

Nina miaka thelathini na sita, mama wa mtoto mmoja, Dori, naishi Moshono hapa Arusha. Mkimaliza kusoma mkaamua kunihukumu, nihukumuni tu... nimeshazoea!

Mimi ndiye niliyekuwa natunza tovuti ya kikundi chetu cha maombi cha akina mama. Mwenye mzigo moyoni aliandika haja yake humo, nikaisoma mimi peke yangu, kisha tukaiombea bila kumtaja. Hata Anaeli, rafiki yangu aliyenisimamia harusi, aliandika lake. Alikuwa akichoma sindano za uzazi wa mpango kwa siri, huku mumewe akimlilia Mungu apate mtoto...

Asubuhi moja tukakuta siri zote zimebandikwa ukurasa wa mbele, na majina juu! Hadi naziondoa, mtaa mzima ulikuwa umeshasoma.

Mume wa Anaeli alimrudisha kwao Usa River siku hiyohiyo. Anaeli alinipigia mara moja tu. "Mama Dori, ufunguo ulikuwa nao wewe. Mungu anakuona."

Nilipochunguza, nikaona aliyebandika ameingia kwa jina langu na nywila yangu! Nani mwingine aliijua? Mtu mmoja tu: mume wangu. Shangazi akanimaliza kabisa aliposema, "Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu."

Basi nikaanza kupekua. Akienda kuoga, nakagua simu yake. Sikukuta kitu, na hilo likanitia wasiwasi zaidi. Amefuta! Akiongea na simu uani, nasimama nyuma ya pazia. Akicheka, anamcheka nani? Akinyamaza, anaficha nini?

Sikuvumilia. Nilimfuata kwa wazazi wake Oldonyo Sambu, nikamwita msaliti mbele ya mama yake mzazi. Mume wangu aliinuka, akaaga wazee kwa heshima, akahamia kwa kaka yake.

Ndipo Joyce, fundi wa tovuti ambaye kikundi kilimwita, akaniketisha. Mwizi hakuwa nyumbani kwangu! Alipita kwenye plagini, kile kiongezo tulichoweka ili tovuti ipokee haja na kuzitafuta. Kwenye kisanduku cha "Tafuta", badala ya kuandika neno, aliandika amri. Plagini ikaipeleka kwenye hifadhi ya taarifa vilevile ilivyo, na hifadhi ikatii. Ikamtolea siri zote. Hata nywila yangu iliyokuwa imefichwa aliichota, na kwa kuwa ilikuwa nyepesi, akaifumbua.

"Ni kama mlinzi wa getini anayemfungulia kila anayesema ametumwa na mwenye nyumba," Joyce alisema.

Waliotengeneza plagini walikuwa wameshaliziba tundu hilo zamani. Alama nyekundu ilikuwa ikinikumbusha kusasisha, nami naipita! Niliogopa ukurasa utaharibika. Kitu kinafanya kazi, ukiguse cha nini?

Joyce aliiondoa, akaweka nyingine ambayo walioitengeneza bado wanaitunza, inayohakikisha kinachoandikwa na mgeni kinabaki maneno na hakigeuki amri. Akaipunguzia madaraka isiweze kufungua kila kitu. Nywila zote zikabadilishwa. Kisha akaniuliza, "Dada, haja mkishaiombea, si mnaifuta? Hizi za zamani mlikuwa mnamtunzia nani?"

Nikakaa palepale nikazifuta, moja baada ya nyingine.

Nilikwenda kwa shemeji nikapiga magoti mbele ya mume wangu, na wakwe zangu nikawaomba radhi. Anaeli mpaka leo hapokei simu yangu. Ndoa yake imevunjika, na mimi simlaumu akinichukia.

Jamani, nawasihi! Mnaotunza tovuti, iwe ya kikundi, ya duka au ya nyumba ya wageni, plagini ikiomba kusasishwa, sasisheni. Mnaogopa itaharibika? Wekeni nakala pembeni kwanza. Msizozitumia, ziondoeni. Siri za watu msizirundike. Na likitokea la kutokea, mwiteni fundi kabla hamjamkaba mtu wenu shati!

Mume wangu amerudi, nashukuru. Lakini kila jioni akiingia anaweka simu yake mezani, ameshaifungua, ananisogezea. "Kagua, mama Dori," anasema kwa upole.

Nimemwomba aache. Nimelia... Haachi.