Kimya Kilichokatwa Vipande

Kitabu cha kwanza kurudi kilirudi kirefu kuliko kilivyokuwa, kwa dakika moja.

Mikasi aliitazama skrini, akakuna kidevu. Kilikuwa kitabu cha mapishi cha kusikilizwa, chenye urefu wa saa nne na dakika kumi, na alikijua nje ndani kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyekihariri. Sasa kilisomeka saa nne na dakika kumi na moja. Sava iliyofiwa na diski inaweza kurudisha faili pungufu, inaweza kurudisha faili mbovu, inaweza kukataa katakata kurudisha chochote. Kurudisha na nyongeza juu, hilo hakuwahi kuliona tangu aanze ufundi.

"Leo imeamka na ukarimu," alijisemea. Alikuwa mtu wa kujitania hata mambo yanapoharibika.

Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili ghorofa ya tatu: kijichumba cha fundi, na chumba cha kusomea. Kazi ilikuwa kurekodi vitabu kwa ajili ya watu wasioona. Msomaji alikuwa mmoja tu, mama mkwe wake Mikasi, ambaye kwa miaka kumi na tisa aliingia chumba kile kila asubuhi, akaketi mbele ya maiki na kusoma mpaka mchana. Vitabu mia tatu na kumi na viwili. Mwaka jana alipatikana na uvimbe kooni; madaktari waliuondoa, na sauti ikaondoka nao. Kilichobaki ni mnong'ono mkavu ambao ilibidi umsogelee sana ndipo uusikie.

Kwa hiyo sauti yote ya yule mama ilikuwa imebaki mahali pamoja duniani, ndani ya sava ile, kisanduku cheusi chenye diski nne. Nakala ya akiba ilikuwepo, ndiyo. Ilikuwa ndani ya kisanduku hichohicho. Mikasi alipanga kuihamisha tangu mwaka juzi, na kila mwezi kulikuwa na sababu nzuri ya kungoja mwezi ujao.

Diski ya pili ilikufa Jumatatu. Alichomeka mpya, na sava ikaanza kujijenga upya, yaani kukusanya vilivyobaki kwenye diski tatu na kupiga hesabu ya kile kilichopotea. Kazi ya saa thelathini. Tatizo lilikuwa diski ya nne, ambayo nayo ilikuwa imeanza kugonga, tik, tik, kama mtu anayebisha kwa kucha. Ikifa kabla ya kazi kuisha, basi tena. Na ukizima umeme katikati, huenda isiamke kabisa. Huzimi, huondoki, unakaa nayo.

Kabla ya kuianzisha, alikuwa ameihamishia sava na kompyuta yake chumba cha kusomea kwa sababu ndicho chenye kiyoyozi kizuri, na tangu mama aache kusoma kilikuwa hakina kazi. Chumba hicho hakikuwa na dirisha la nje. Kuta zilifunikwa sponji nene, mlango ulikuwa mzito wa tabaka mbili, na upande mmoja kulikuwa na kioo kipana cha kuonana na fundi. Ukiufunga mlango ulisikia damu yako ikitembea masikioni. Akajifungia humo, akavaa hedifoni, akabonyeza kitabu cha mapishi.

Hapa inabidi nieleze desturi yao. Kabla ya kila kitabu, mama alikaa bila kutikisika dakika nzima huku maiki ikirekodi. Kila chumba kina kimya chake, na kimya hicho ndicho fundi anachokitumia kufunikia makosa: msomaji akikohoa, unakata kikohozi, unabandika kipande cha kimya, msikilizaji hajui kitu. Ndiyo maana akaitwa Mikasi. Ila alikuwa mvivu kidogo, tuseme ukweli. Kimya cha siku ya kwanza kabisa, miaka ishirini iliyopita, kilitoka safi kuliko vyote, naye badala ya kutumia cha kila kitabu alikitumia hicho kimoja kwa vitabu vyote. Alikikata vipande vidogovidogo na kubandika kila mahali. Nani angejua?

Dakika ya kimya ilipita. Ikaanza ya pili, ile ya nyongeza. Ndani yake mtu alivuta pumzi.

Mikasi akavua hedifoni, akageuka. Hakukuwa na mtu. Akazivaa tena. Pumzi ilikuwa ndefu, ya mtu aliyeamka kutoka usingizi mzito, na nyuma yake sauti ya mama ikaanza kwa uchangamfu uleule wa zamani: chukua vitunguu viwili, menya, kata vipande. Lakini palipotakiwa neno "vipande" palikuwa kimya.

Kitabu cha pili kilirudi na nyongeza ya dakika tatu. Cha tano, dakika ishirini. Na kadiri kimya kilivyoongezeka, maneno yalipungua. Kwanza moja moja, halafu sentensi, halafu kurasa nzima. Kufikia saa saba mchana, kitabu kizima cha jiografia kilikuwa hakina hata neno, ni pumzi tupu inayoingia na kutoka kwa saa sita. Ndani ya chumba kulianza kunuka nywele zilizoungua. Alinusa sava, akanusa nyaya, akanusa mpaka mikono yake. Haikutoka kwenye kitu chochote.

Hapo ndipo alipoelewa kwamba amenasa. Akisimamisha kazi, diski ya nne haitaamka na sauti ya mama imekwisha. Akiiacha iendelee, kile kitu kitaimeza kitabu kwa kitabu mbele ya macho yake. Aliketi sakafuni katikati ya kuta za sponji, akaogopa kama hajawahi kuogopa maishani. Kisha akampigia mama mkwe wake.

Alifika saa tisa, akipumua kwa shida baada ya ngazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Mnong'ono ule ulikuwa mdogo kuliko sauti ya feni. "Imekufa?"

"Haijafa. Afadhali ingekufa." Akampa hedifoni, kisha akabadili mawazo, akafungulia spika ili wasikilize wote. "Mama, naomba uketi kwanza."

Walisikiliza pumzi. Mama hakushtuka, na hilo lilimtisha Mikasi kuliko kama angepiga kelele.

"Namjua," alinong'ona. "Siku ile ya kwanza, ile dakika ya kukaa kimya, nilihisi kuna mtu kasimama nyuma ya kiti changu. Nikasema ni woga wa kazi mpya. Kesho yake hakuwepo, sikumhisi tena mpaka leo. Nikadhani amehama."

"Hakuhama, mama," Mikasi alisema. "Nilimrekodi."

Pumzi kwenye spika ikakoma. Kisha sauti ya mama, ile nzima, ile ya zamani, ikasema neno moja moja, kila neno na lahani yake, moja la kuchekesha kutoka hadithi ya watoto, moja zito kutoka kitabu cha historia, moja jepesi la jikoni:

"Mlinikuta. Humu. Mkanikata. Vipande."

Mikasi alishika mkono wa mama mkwe wake, jambo ambalo katika miaka kumi na miwili ya ndoa hakuwahi kuthubutu. Mkono ulikuwa wa baridi, nao ukamshika pia.

"Sikujua," alisema kwa sauti ya chini. "Wallahi sikujua kama kuna mtu."

"Alikuwa. Anakohoa. Kila siku. Ukanibandika. Juu yake. Mara elfu sita."

Mama akamgeukia taratibu. "Nilikuwa nakohoa kiasi hicho, baba?"

"Nilidhani ni vumbi, mama."

"Daktari aliniuliza nimeanza kukohoa lini." Alitua kidogo apumue. "Nikamwambia mimi sikohoi. Nikamwambia asikilize vitabu vyangu, hatasikia kikohozi hata kimoja. Nilikuwa najivunia."

Mikasi angependa ardhi ipasuke immeze, ila walikuwa ghorofa ya tatu, na hata huo utani haukumsaidia. Machozi yalimtoka waziwazi mbele ya mama mkwe wake. Mama akampigapiga bega mara mbili, kama anavyobembelezwa mtoto aliyevunja kitu ambacho hakiungiki tena.

Skrini ilionyesha asilimia tisini na mbili. Diski ya nne iligonga kwa haraka zaidi.

"Nipeni. Kimya. Chenu," ile sauti ilisema. "Badala. Yangu. Dakika. Moja. Sauti. Itarudi. Nzima."

"Tusikubali, mama," Mikasi alinong'ona, naye sasa ananong'ona kama mama. "Majini hawa, wewe na mimi hatuwezi kupatana nao. Tumtafute mtaalamu. Kuna yule aliyemtibu mke wa jirani, alimtoa jini wake kwa siku mbili tu."

"Na hiyo diski itamngoja siku mbili?"

Tik, tik, tik, tik.

"Mjukuu wangu ana mwezi mmoja na nusu," mama alisema. "Nikimbeba nikamwimbia, analia. Mnong'ono wangu unamtisha, baba, nimeona. Nilijiambia akikua atanisikia kwenye vitabu, atajua bibi yake alikuwa mtu wa namna gani. Sina kingine cha kumwachia. Dakika moja ni nini? Nimekaa kimya humu dakika mia tatu."

Alikuwa ameshaamua. Waliacha simu zao nje, juu ya meza ya fundi, kama inavyotakiwa unaporekodi, na mama akaacha na mtandio wake kwenye kiti cha fundi ili usichakarike. Mikasi akawasha maiki, akaufunga ule mlango mzito. Walisimama bega kwa bega mbele ya maiki wakitazama saa kwenye skrini, sekunde kumi, sekunde ishirini, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikazidi mpaka ikawachoma pua, na nyuma yao kitu kikasimama, kirefu, bila kugusa sakafu wala ukuta, kikawazunguka polepole mmoja baada ya mwingine kama fundi cherehani anayepima mtu nguo, huku Mikasi akihesabu moyoni na kujizuia asipige chafya, asilie, asikimbie, sekunde arobaini, hamsini, na kwenye hamsini na tisa akahisi kitu kinamtoka kifuani, kitu chepesi ambacho hakukijua kama kipo, kikavutwa kuelekea kwenye maiki kama moshi unavyovutwa dirishani.

Dakika ikatimia. Harufu ikakatika ghafla. Skrini ikasema: asilimia mia moja, kazi imekamilika.

Mikasi alikimbilia kompyuta, akafungua kitabu cha mapishi. Saa nne na dakika kumi. Chukua vitunguu viwili, menya, kata vipande. Jiografia, kamili. Hadithi za watoto, kamili, na vicheko vyake vyote. Mama alifunika uso kwa viganja, mabega yakamtetemeka kwa furaha, na Mikasi akageuka kumwambia, unaona, mama, imerudi yote.

Hakujisikia akisema.

Alijaribu tena. Midomo ilicheza, koo lilikaza, hakuna kilichotoka. Akapiga makofi, viganja vikakutana bila mlio. Akavuta kitasa cha mlango, akakivuta tena, akaupiga mlango teke kwa nguvu zote, naye mama akiwa ameshaelewa akaanza kukipiga kioo kwa viganja viwili, na chumba kizima kikabaki kimya kama walivyokizoea, safi, bila kikohozi.

Upande wa pili wa kioo, kwenye kiti cha fundi, aliketi mwanamke. Aliwapa mgongo. Alikuwa na kimo cha mama, na amejitanda mtandio wa mama. Simu ya Mikasi ikawaka mezani, na jina lililotokea lilikuwa la mke wake. Mkono ulitoka ndani ya mtandio, ukapokea, ukafungulia spika ya simu. Na kupitia spika ndogo ya ukutani, ile fundi aliyotumia kuongea na msomaji, wakasikia kichanga kinalia.

"Baba mtoto, mbona muda wote hupokei?" mkewe alisema. "Mama yuko huko? Mtoto analia tangu saa nane, mimi nimechoka."

"Ni mimi, mwanangu," alisema yule mwanamke. Maneno hayakukatikakatika tena. Yalitiririka, ya joto, ya miaka kumi na tisa.

"Mama? Mama, hiyo ni sauti yako?"

"Imerudi, mwanangu. Mumeo ameirudisha. Bado ana kazi, amesema tusimngoje." Akacheka kile kicheko cha hadithi za watoto. "Nisogezee mtoto."

Nyuma ya kioo mama mwenyewe alikuwa amefungua mdomo wote akimwita binti yake, mishipa ya shingo imemsimama, na hata ule mnong'ono mkavu haukutoka. Mikasi aliinua kiti na kukipiga kwenye kioo mara ya tatu, mara ya nne.

Kule nyumbani, kichanga kilisikiliza, kikanyamaza.

"Umeona?" mke wake alisema, huku analia kwa furaha. "Amekujua! Njoo, mama. Njoo sasa hivi."

"Nakuja," alisema yule mwanamke, akainuka, akazima taa.