Profesa Asiye na Darasa

Kila asubuhi Profesa alibeba mkoba wake, akamuaga mama, akaondoka. Profesa lilikuwa jina lake la utani tangu apate shahada ya uzamivu ya kemia, ile ya juu kabisa. Nyumbani alisema anafundisha chuo kikuu. Uongo mtupu! Alikuwa akishinda maktaba, akiandika barua za kuomba kazi. Mwaka wa pili huo, na kila chuo kilijibu: hatuna nafasi.

Mama yake, fundi cherehani, aliwatambia wateja. "Mwanangu mhadhiri, mnamwona hivihivi!" Profesa aliposikia, uso ulimshuka kwa aibu.

Jioni moja mdogo wake, aliyehitimu shahada ya kwanza ya sayansi, alirudi mbiombio.

"Dada, nimepata kazi maabara ya maji, kwa jirani yetu. Lakini naikataa. Nataka kusoma hadi uzamivu kama wewe. Barua ya kukataa hii hapa, naipeleka keshokutwa."

"Wasomi wawili nyumba moja!" mama alicheka. "Majirani watanikoma!"

Profesa alitaka kusema ukweli. Badala yake akaingia chumbani na mkoba wake.

Kesho yake hakwenda maktaba. Alikwenda kwa yule jirani, mkuu wa maabara ya maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo hufundishi?"

Profesa akaangua kilio, akaeleza yote. "Naona haya hata kula chakula cha mama."

Jirani hakumcheka. "Uzamivu si kosa, mwanangu. Huo humfundisha mtu kufanya utafiti. Anayetaka uhadhiri au utafiti mara nyingi anauhitaji. Lakini nafasi hizo ni chache, na wanaozitaka ni wengi. Kazi nyingi za sayansi haziudai. Mtu aulize kabla ya kuanza: kazi ninayoitaka inauhitaji? Nani anaajiri? Waliomaliza kabla yangu wako wapi?"

"Mimi sikuuliza. Nilitaka sifa tu."

"Na barua unapeleka wapi?"

"Vyuoni tu."

"Viwanda vya rangi na sabuni navyo vinataka wakemia. Waandikie unachoweza kufanya, siyo shahada peke yake."

"Na mdogo wangu?"

"Anaweza kufanya kazi kwanza, kusoma baadaye. Lakini mwambie wewe."

Profesa alirudi kwa miguu mizito. Mdogo wake alikuwa akipiga pasi. Mama alikuwa na mteja. Kabla ya kushika mkasi alimuuliza, kama kawaida yake, "Nguo hii utaivaa wapi?"

Mteja alipoondoka, Profesa alisema, "Mama, mimi si mhadhiri. Sina kazi. Nimewadanganya."

Pasi ilisimama. "Na mkoba wa kila siku?" mdogo wake aliuliza.

"Naenda nao maktaba."

Mama aliweka mkasi mezani. Kisha akasema polepole, "Kila mteja namuuliza nguo ataivaa wapi. Wewe sikukuuliza. Nilishangilia tu. Mimi pia naona aibu."

Mdogo wake akaichana ile barua.

Miezi mitano baadaye Profesa aliajiriwa na kiwanda cha rangi, kupima ubora wa kila pipa. Mdogo wake alikuwa akipima maji ya mji, huku akiuliza habari za masomo.

Siku moja Profesa alifika mlangoni, mikono ya shati ina madoa ya bluu. Ndani mteja aliuliza, "Mhadhiri hajambo?"

Mama aliinamisha kichwa. "Si mhadhiri. Nilikutambia bure. Anapima rangi kiwandani."

Zamani Profesa angepita mlango wa nyuma. Leo aliingia, akamwamkia mteja, akaketi karibu na mama yake.