Herufi Iliyogongwa Mara Mbili

Kila asubuhi kabla ya shule, Judica alikuwa na kazi zizini. Siku hiyo alimshika ndama kichwa huku baba yake, mzee Hhando, akimbonyeza chuma cha moto pajani. Kijijini kwao Getanuwas, ng'ombe hutambulika kwa chapa ya ukoo. Ndama akarusha mateke, chuma kikateleza.

"Baba, rudia!"

"Nirudie zisomeke chapa mbili? Mnadani wataniita mwizi. Haya, kimbia, utachelewa."

Judica alikimbia, mkufu wa bibi yake ukilia mfukoni. Siku hiyo klabu ya historia ilichagua vitu vya kupeleka kwenye maonyesho ya shule mjini Katesh. Mkufu ule ulitungwa kwa senti za enzi ya wakoloni, zenye tundu katikati. Kwenye senti mbili, herufi H, alama ya kiwanda kilichozitengeneza, ilionekana imegongwa mara mbili. Mwalimu Evarist, mpenzi mkubwa wa sarafu, aliwahi kuwaambia kwamba senti za namna hiyo hutafutwa sana.

"Shikamoo, mwalimu. Nimeleta mbili!" Judica alisema kwa majivuno.

"Marahaba. Hebu zipitishe wenzako waone."

Renatus, mwenyekiti wa klabu, aliutazama mkufu mara moja tu, akaangua kicheko. "Mbili kwa mpigo? Umechora kwa msumari wewe! Mwalimu, huyu anatudanganya."

Darasa zima likamgeukia Judica. Kanuni ilijulikana: anayeghushi anafukuzwa klabu.

"Sijachora," Judica alisema.

"Basi thibitisha," mwalimu akajibu, akimpa lenzi.

Judica aliinamia senti ya kwanza. Aliitazama mpaka jicho likatoa machozi. Kisha akainuka, akasema bila kusita.

"Msumari huchimba, mwalimu. Ungeacha mfereji. Hii H ya pili imeinuka, sawa na ya kwanza. Renatus, pitisha ukucha! Fundi aligonga herufi kwenye chuma cha kuchapia sarafu, ikakaa upande, akagonga tena. Kila senti iliyochapwa na chuma kile ikabeba zote mbili. Ni kama chapa ya ng'ombe ikirudiwa: kingo zote zinasomeka."

Renatus alipitisha ukucha. Kicheko kikamtoka usoni.

Wenzake wakaanza kupiga meza kwa furaha. Lakini Judica alikuwa ameshaiweka lenzi juu ya senti ya pili.

"Mwalimu, hii nyingine siyo."

"We, si unyamaze tu!" Loveness, jirani yake wa dawati, alimnong'oneza. "Umeshashinda!"

"Siyo," Judica alirudia kwa sauti. "H yake ya pili ni kivuli bapa tu, hakina kingo. Chuma kiliteleza tu wakati wa kuchapa sarafu, herufi haikugongwa mara mbili. Nilisema ni mbili kabla ya kuangalia vizuri. Nimekosea."

Mwalimu Evarist alizichunguza senti zote mbili bila haraka. Hatimaye akaiweka lenzi chini.

"Ya kwanza ni ya kweli. Inakwenda Katesh, na Judica ndiye atakayeieleza mbele ya watu."

Darasa likalipuka kwa makofi. Renatus akasogea, macho chini. "Nisamehe, Judica. Nilikurukia bure."

"Nimekusamehe. Ila Katesh lenzi utanibebea wewe."

Wakacheka wote, Renatus akiwa wa kwanza.

Siku ya maonyesho huko Katesh, Judica alieleza senti yake mbele ya shule nyingi, kifua mbele, na kikombe cha mshindi wa kwanza kikatua mikononi mwake. Mwalimu Evarist akamshika bega.

"Wanafunzi wangu, ile senti ya kwanza ilinionyesha kwamba Judica ana macho makali. Senti aliyoikataa ndiyo iliyonifanya niamini kinywa chake. Chunguzeni kabla ya kusema, na mkikosea, semeni wenyewe kabla hamjaulizwa. Haya, mshindi, inua kikombe juu, wa nyuma nao wakione!"

Judica akakiinua.