Jalada la Aliye Hai

Saa kumi na moja na nusu jioni Mama Majalada alikuwa ameshaning'iniza mkoba begani. Jina hilo walimpa wenzake wa maktaba, na hakulichukia. Miaka kumi na tisa alikuwa akitunza nyaraka za zamani, na mwaka huu walimtwisha mzigo wa kampuni moja ya bima iliyokufa zamani: maboksi elfu moja na mia moja, yamesheheni majalada ya watu waliowahi kukata bima ya maisha. Ayapange, walimwambia, ili wanaoandika historia ya bima wapate cha kusoma. Jioni hiyo yeye alitaka jambo moja tu, kuwahi duka la dawa. Mama yake alikuwa hoi kitandani kwa kikohozi, na dawa ilikuwa imebaki ya kulamba kijiko.

Ndipo akasikia kiti kikiburuzwa chumba cha wasomaji.

Krrr...

Alijua ni nani.

Yule mzee alianza kuja juzi. Suti ya kijivu, kola iliyonyooka kwa pasi, na harufu ya karafuu maiti iliyomtangulia mlangoni. Mama Majalada alimwamkia shikamoo, kama mtu aliyelelewa, na shikamoo yake ikabaki hewani bila wa kuipokea. Mzee alisukuma fomu ya maombi mezani. Alitaka jalada la kinyozi wa mtaa wa pili.

"Limefungwa, mzee wangu," Mama Majalada alimweleza. "Jalada la mtu aliye hai halisomwi na mwingine. Mpaka mwenyewe afariki."

"Sheria naijua," mzee alinong'ona. "Basi nitakuja kesho."

Asubuhi yake kinyozi alikutwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea, kitambaa shingoni, ameshakuwa wa baridi. Jioni mzee akarudi na fomu ile ile. Mama Majalada hakuwa na sababu ya kumnyima. Mzee alifungua ukurasa wa mwisho, akatoa kalamu ya wino, ambayo humo ndani ni marufuku kabisa, akaandika neno moja. Mama Majalada, anayejulikana kwa kufokea hata maprofesa, hakupata mdomo wa kumkataza. Kisha mzee akaomba la mwalimu mmoja mstaafu. Nalo lilikuwa limefungwa. Mwalimu alikuwa hai.

Alikuwa hai mpaka alfajiri ya leo.

Mchana Mama Majalada alikuwa amemfuata mlinzi wa getini.

"Yule babu mtanashati?" mlinzi alisema, akigeuza kitabu cha wageni. "Ana mwandiko huyo, anawashinda nyie wasomi. Huyu hapa. Anatoka Idara ya Madai."

"Madai ya wapi?"

"Ya kampuni yako hiyo, dada. Si ndiyo jina lililo kwenye maboksi?"

"Kampuni ilikufa nikiwa darasa la tatu!"

Mlinzi akacheka. "Basi labda hawajamwambia."

Sasa mzee alikuwa mezani, mikono imekunjwa. Jalada la mwalimu Mama Majalada alikuwa ameshampa, naye alishalimaliza. Fomu mpya ilikuwa ikimsubiri Mama Majalada, nayo ilikuwa na namba tu, bila jina.

"Hili nalo limefungwa," mzee alinong'ona. "Lakini nenda ukahakikishe."

Alikwenda stoo. Taa ya mwisho wa korido ilikuwa ikipepesa. Akapata boksi, akavuta jalada, akalifungua. Msichana wa miaka ishirini na miwili alimtazama kutoka kwenye picha, nywele zimetengwa njia katikati, kidevu juu kwa maringo. Kazi: opereta wa simu. Umewahi kuugua kifua? Hapana. Chini yake, jina.

Jina la mama yake.

Alishika rafu, akalia bila sauti, maana aliona waziwazi kitakachotokea: atarudi, atasema huyu yu hai, na mzee atajibu kwamba atakuja kesho.

Hapana. Mama yake hapana.

Kuna jambo ambalo Mama Majalada huwafundisha wafanyakazi wapya siku ya kwanza. Jalada likirudishwa boksi lisilo lake, limepotea. Linaweza kuwa humo humo ndani, hatua tatu kutoka ulipo, na usilione tena maisha yako yote. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kufanya kosa hilo hata mara moja.

Akafumba macho. Alitaka hata akibanwa asiweze kusema lilipo. Akajizungusha mara mbili, tatu, akatembea akipapasa rafu, akageuka kona, akageuka tena, akavuta boksi lolote na kulisukumia humo jalada la mama yake. Akatembea tena mpaka alipogonga ukuta. Ndipo akafumbua.

"Halipo mahali pake," alimwambia mzee.

Mzee aliinua uso. "Umeliweka wapi, binti?"

"Sijui."

Na kweli hakujua.

Mzee aliikunja fomu yake taratibu, mara nne. "Mimi huchukua yaliyopo mahali pake," alisema. "Yaliyopotea hayanihusu." Akasimama. Mlangoni akageuka, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na huruma.

"Pole sana."

Hakurudi tena.

Nyumbani, mdogo wake alimpokea mlangoni huku anacheka na kulia. Kikohozi kimekata! Mama amekaa mwenyewe kitandani! Mama Majalada aliingia mbio na kumkumbatia. Mwili ulikuwa wa baridi. Macho yalikuwa wazi, hayapepesi.

"Mwanangu," mama alinong'ona. "Umeniweka wapi?"

"Uko kitandani kwako, mama. Uko nyumbani."

Mama akatikisa kichwa. "Huku kuna giza. Nimebanwa na watu... Nawaambia jina langu, wanasema mimi si wa hapa."

Huu ni mwezi wa nne. Mama hajalala, hajala, hajanywa hata maji. Daktari alimpima mara mbili, akavua chombo chake masikioni, akaondoka bila kusema alichokisikia. Mdogo wake anauita muujiza, ila siku hizi haingii chumba kile peke yake.

Na Mama Majalada anafungua maboksi. Moja baada ya jingine, karatasi kwa karatasi. Anajua akilipata itambidi alirudishe mahali pake, na anajua ni nani atakayekuja kuliomba. Kila boksi analimaliza akiwa amekata tamaa, na papo hapo anashukuru, halafu anajichukia kwa kushukuru.

Jana jioni, alipokuwa akimfunika shuka, mama alimkamata mkono.

"Leo ulipita karibu kabisa," alisema. "Nilikusikia unapumua. Ukaweka mkono juu yetu, mwanangu... Mbona hukufungua?"

Ilikuwa rafu ya tano, upande wa dirisha. Mama Majalada alikuwa ameushika mfuniko, akasikia harufu ya nywele za mama yake, akauachia.

Alizima taa, akaenda kukaa jikoni. Kesho ataanzia upande mwingine.