Kicheko cha Mzee Mihayo

Ubongo wa Mzee Mihayo ulikuwa unaelea hewani katikati ya chumba, mkubwa kama pakacha la nazi, na mwenyewe amekaa chini yake anakunywa uji. Hiyo ndiyo kazi ya mashine ya kimulikabongo. Zamani mtu alifungiwa ndani ya bomba la sumaku, kelele za kutoboa masikio, akatoka na picha zilizoganda. Siku hizi unavishwa kofia tu, na kila wazo linalopita linaonekana likiwaka hapo juu.

"Kumbe ubongo umo," alisema Daktari Havijawa. "Sisi Wazaramo tulidhani Wanyamwezi kichwa mmepewa cha kubebea mizigo."

Mzee akacheka mpaka uji ukamwagika. Wametaniana hivyo tangu daktari alipoanza kumtibu presha, maana Mzaramo na Mnyamwezi ni watani wa jadi. Lakini leo Havijawa hakucheka naye. Kicheko kile kiliwaka manjano upande wa kulia, mbele, na kilikuwa kimeukumbatia uvimbe mweusi.

Aliwaeleza bila kuficha, mzee na binti yake Kalunde. Uvimbe ukiachwa, mzee hataiona masika. Ukikatwa, ataishi, atatembea, atamjua kila mtu. Ila sehemu inayotambua utani itaondoka nao.

"Yaani nisicheke tena?"

"Utacheka ukifurahi, mzee. Lakini mimi nikikutania, utasikia tusi."

Mzee aliinua macho kuutazama ubongo wake. Kalunde alikuwa analia, wala hakujificha.

"Baba, mama nimemzika juzi tu. Na wewe nikuzike?"

"Basi kateni," mzee akasema. Kisha akamgeukia Havijawa. "Ila nikipona, nitanie vilevile. Huenda mashine imekosea. Si ajabu kaitengeneza Mzaramo."

Wiki ya pili baada ya upasuaji, Havijawa aliingia wodini. Mzee alikuwa ameketi anakula mwenyewe, Kalunde anamtolea samaki miiba.

"Ala, bado upo?" akasema Havijawa. "Na mimi kaburi nimeshachimba, tena pana, maana Mnyamwezi hazikwi bila mzigo wake."

Mzee akaweka kijiko chini. Akamtazama binti yake kwa hofu.

"Huyu daktari nimemkosea nini?"

Kalunde akamshika baba yake mkono. Miaka yote hiyo Havijawa hakuwahi kumwamkia mzee huyu kwa heshima, maana mtani haamkiwi. Akapiga goti kando ya kitanda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu kwa upole, akarudi kwenye samaki wake.