Usifungue, Bado Wako Nje

Jioni moja ya Agosti 2008, jua likizama nyuma ya mabati ya Nakuru, Cheptanui aliingia dukani kwa Gurpreet kuchagua hedseti, zile za kuvaa kichwani na kuzungumza kwa mbali. Kikundi chao cha maigizo kilikuwa na onyesho Jumamosi, naye ndiye aliyesimamia kazi za nyuma ya jukwaa. Alikuwa amechoka kukimbia gizani kumnong'onezea Khaemba wa taa, kisha kurudi mbio kwa wavuta pazia.

"Hizi nyeusi ni nyepesi, dada," Gurpreet alisema. "Lakini ukuta ukiwa mnene, zinakwaruza. Za kijivu ni nzito kidogo, ila sauti haipotei."

"Ukumbi wetu ni wa mawe."

"Basi kajaribu huko stoo chini. Hata simu haishiki."

Cheptanui akavaa ya kijivu, akashuka ngazi. Stoo haikuwa na dirisha. Ilinuka rangi, vumbi, na kitu kingine... kama nguo iliyolowa ikasahaulika.

"Unanisikia?" Gurpreet, aliyebaki kaunta na hedseti ya pili, aliuliza sikioni.

"Kama uko humu ndani."

Gurpreet akacheka. Kisha stima zikapotea.

Giza likawa totoro. Mlango ukajifunga polepole, bila kishindo. Halafu...

Krrr. Tak.

Komeo.

Akapapasa mpaka akalifikia. Lilikuwa upande wa ndani. Upande wake.

"Gurpreet, mlango umejifunga."

Mkwaruzo. Kisha pumzi ya mtu, karibu sana.

"Usifungue," mwanamke alinong'ona. "Bado wako nje."

Cheptanui akauliza, "Wewe ni nani?"

"Shhh... watasikia."

Akaing'oa hedseti kichwani, akaitupa chini. Pumzi haikukoma. Ilikuwa palepale, sikioni.

Mlango ukagongwa. Ngo. Ngo. Ngo.

"Dada, toka. Ni mimi Gurpreet. Kuko salama."

Shukrani ilimjaa kifuani. Akalishika komeo.

"Mimi pia niliambiwa hivyo," mwanamke akasema.

Mkono ukamganda.

"Toka, dada. Kuko salama." Sauti ile haikupanda wala kushuka. "Toka, dada. Kuko salama."

Cheptanui akasogeza mdomo mlangoni. "Gurpreet, nimekuja kununua nini?"

Kitu kikaanza kukwaruza mbao, chini kabisa, karibu na vidole vya miguu yake.

"Toka... dada."

Akaketi kwenye saruji, mgongo mlangoni, mikono yote miwili ikilibana komeo juu ya kichwa chake. Aliogopa hata kutoa kilio. Kando yake, mtu asiyeonekana alikuwa akitetemeka pia. Alihisi bega baridi likimgusa bega.

Stima zikarudi. Hakukuwa na mtu kando yake. Ngazi zikalia kwa miguu ya watu.

"Dada! Mbona umejifungia?"

"Nimekuja kununua nini?" akapiga yowe.

"Hedseti! Dada, ni nini?"

Hata hivyo vidole vilikataa kuachia. Ilibidi Gurpreet na Masinde, bawabu wa jengo, wausukume mlango mpaka komeo likang'oka. Gurpreet akaapa kwamba stima zilipopotea aliiacha hedseti yake kaunta, akatoka uani kuangalia fyuzi. Hakugonga mlango wowote.

Masinde ndiye aliyemtoa nje apate hewa. Alikuwa mzee wa maneno machache, lakini jioni ile midomo yake haikutulia.

"Mwezi wa kwanza, mji ukiwaka kwa fujo za uchaguzi, kuna mama nilimficha pale stoo. Eucabeth. Aliuza mboga hapa barazani. Alikaa siku mbili, binti. Angepona."

"Ilikuwaje?"

"Aliitwa na mtu aliyemwamini. Akaambiwa kuko salama."

"Na nani, mzee?"

Masinde akatazama barabara. "Waliniwekea panga shingoni," akasema.

Cheptanui aliondoka mikono mitupu, na Jumamosi alikimbia gizani kama zamani. Masinde hakuonekana tena kazini. Lakini kilichomnyima Cheptanui usingizi ni habari aliyopewa na Gurpreet wiki mbili baadaye. Alikuwa ameamua kuuziba mlango wa ile stoo kwa mawe. Mwashi alifanya kazi nusu siku tu, akakataa kurudi bila mtu wa kuwa naye.

Alisema kila akipanga jiwe, huko ndani kuna mwanamke anayesema asante.